Fomu Iliyokataliwa: Wagombea Walioenguliwa, Mahakama na Haki ya Mpigakura



Tukitaja kesi ya uchaguzi, wengi wetu hufikiria kura zilizoibwa, fomu za matokeo zenye tarakimu zisizolingana, au mawakala waliofukuzwa vituoni. Leo nataka tuzungumzie jambo linalotangulia hayo yote, nalo ni siku ya uteuzi. Mtu anafika ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi akiwa na fomu zake, saini za wadhamini, picha, tamko la kisheria na stakabadhi ya dhamana. Baadaye karatasi inabandikwa ukutani na jina lake halimo. Ikiwa amekataliwa kwa haki, sheria imefanya kazi yake. Ikiwa amekataliwa isivyo haki, aende wapi? Na uchaguzi uliofanyika bila yeye una uhalali gani?

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipime nao hadi mwisho. Mgombea akienguliwa isivyo haki, anayeumia zaidi ni mpigakura. Hasara yake haiwezi kupimwa kura zikishapigwa, kwa hiyo haki lazima ipatikane kabla ya siku ya kura, mbele ya mahakama yenye mamlaka kamili. Hilo lisipowezekana, uchaguzi wenyewe unapaswa kuanguka.

Namakkal, 1951

Nianzie India, kwa sababu kesi moja ya huko inasomwa na wanasheria wa Jumuiya ya Madola hadi leo. Nchi ilikuwa katikati ya uchaguzi mkuu wake wa kwanza baada ya uhuru, uchaguzi ulioanza Oktoba 1951 na kumalizika Februari 1952. Katika jimbo la uchaguzi la Namakkal, Madras, N. P. Ponnuswami aliomba kugombea ujumbe wa bunge la Madras. Tarehe 28 Novemba 1951 msimamizi wa uchaguzi alikagua fomu zake na kuzikataa.

Ponnuswami hakusubiri kura zipigwe. Alikimbilia Mahakama Kuu ya Madras akiomba uamuzi ule ufutwe na jina lake lirudishwe. Mahakama Kuu ikajibu kwamba haina mamlaka. Akapanda hadi Mahakama ya Juu ya India, nayo tarehe 21 Januari 1952 ikaitupa rufaa yake. Sababu ilikuwa Ibara ya 329(b) ya Katiba ya India, inayosema kwamba uchaguzi wa bunge hauwezi kuhojiwa isipokuwa kwa kesi ya uchaguzi. Jaji Fazl Ali, aliyeandika hukumu kuu, alieleza kwamba uchaguzi ni mchakato mzima tangu tangazo la kuuitisha hadi tangazo la mshindi, na uteuzi wa wagombea ni hatua mojawapo ya safari hiyo. Maslahi ya umma yanataka mchakato huo ukamilike kwa ratiba yake. Kila lalamiko la katikati likiruhusiwa kuusimamisha, nchi inaweza kukaa bila bunge. Mlalamikaji asubiri matokeo, kisha afungue kesi.

Hoja hiyo ni nzito, na sitaki kuipuuza. Mahakama nyingi zimeikumbatia kwa nia njema kabisa. Kinachonisumbua ni kwamba wengi wanaoinukuu huishia nusu. India ilifunga mlango wa kwanza, lakini ule wa pili iliuacha wazi, tena kwa upana usio wa kawaida.

Tazameni kifungu cha 100 cha Sheria ya Uwakilishi wa Watu ya mwaka 1951, kama kinavyosomeka leo. Mlalamikaji akidai kwamba mgombea fulani alikubaliwa isivyostahili, anatakiwa kuthibitisha kwamba kosa hilo liliathiri matokeo. Akidai kwamba mgombea fulani alikataliwa isivyostahili, haulizwi habari ya matokeo. Akithibitisha tu kwamba fomu ilikataliwa kinyume cha sheria, uchaguzi unabatilishwa, hata kama mshindi alimwacha mpinzani wake kwa maelfu ya kura.

Kwa nini makosa mawili ya mtu mmoja, ofisini mwake, siku ileile, yapimwe kwa mizani mbili? Mgombea asiyestahili akiingizwa kwenye karatasi ya kura, kura zake zipo. Zinahesabika, na mahakama inaweza kuzilinganisha na pengo kati ya mshindi na wa pili. Mgombea anayestahili akiondolewa, hakuna cha kuhesabu. Timu iliyozuiwa kwenye lango la uwanja haiwezi kuulizwa ingefunga mabao mangapi. Mkimtaka mtu wa namna hiyo athibitishe athari kwa matokeo, mmemdai ushahidi ambao kosa lenyewe limeufuta.

Uingereza, tulikorithi sehemu kubwa ya taratibu zetu, inafuata mwelekeo huohuo kwa njia nyingine. Kanuni za uchaguzi wa wabunge zinasema kwamba msimamizi akiamua fomu ya uteuzi ni halali, uamuzi huo ni wa mwisho. Uamuzi wa kuikataa ndio ulioachiwa nafasi ya kuhojiwa katika kesi ya uchaguzi. Nchi hizo mbili zilitambua kwamba kosa la kumzuia mtu ni zito kuliko kosa la kumruhusu, kwa sababu aliyeruhusiwa bado ana hakimu mwingine mbele yake, naye ni mpigakura.

Cape Town na Kampala, 2006

Pengine mtaniambia kwamba wanaokataliwa kwa kawaida ni watu wadogo na vyama vidogo, na kwamba kuwemo kwao kusingebadili kitu. Nitawajibu kwa mifano miwili ya mwaka mmoja.

Afrika Kusini ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 1 Machi 2006. Chama cha Kikristo kinachojulikana kwa kifupi kama ACDP kilizuiwa kugombea jiji la Cape Town. Kosa lilihusu dhamana. Chama kilikuwa kimelipa fedha zake kwa pamoja katika makao makuu ya Tume ya Uchaguzi kwa ajili ya maeneo mengi, na Tume ikasema kwamba dhamana ya Cape Town haikulipwa ipasavyo. Chama kikajibu kwamba fedha zilizokuwa mikononi mwa Tume zilitosha kuifidia. Shauri lilifika Mahakama ya Katiba, nayo ikauliza swali ambalo msimamizi hakujiuliza: dhamana inatakiwa kwa lengo gani? Lengo ni kuonyesha kwamba anayegombea ana nia ya dhati. Lengo hilo lilikuwa limetimia, na sheria ya uchaguzi inapaswa kusomwa kwa namna inayopanua ushiriki wa wananchi. Mahakama ikakirudisha chama, na ikafanya hivyo kabla ya siku ya kura.

Matokeo yalipotoka, ACDP ilipata viti saba kati ya viti zaidi ya mia mbili vya baraza la jiji. Hakuna chama kilichopata wingi wa kutosha kuongoza peke yake, na vyama kadhaa vikaungana. Meya alipopigiwa kura ndani ya baraza, Helen Zille alimshinda Nomaindia Mfeketo kwa kura 106 dhidi ya 103. Chama kile kidogo kilikuwa ndani ya muungano ulioshinda, na naibu meya akatoka kwake. Kama Mahakama ya Katiba ingesema subirini matokeo kwanza, jiji la pili la Afrika Kusini kwa wingi wa watu huenda lingepata uongozi mwingine. Na hapangekuwa na mtaalamu wa hesabu ambaye angeweza kusimama kizimbani na kulithibitisha hilo.

Mfano wa pili uko jirani zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2005, Kizza Besigye wa chama cha FDC alikuwa mahabusu Luzira, Kampala, akikabiliwa na mashtaka mazito. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Uganda aliishauri Tume ya Uchaguzi isimteue. Tume ilipima sheria, ikaona kwamba mtu aliyeshtakiwa na asiyehukumiwa bado ana haki ya kugombea, na tarehe 14 Desemba 2005 ikamteua bila yeye kuwepo. Waliopinga uteuzi huo walikwenda Mahakama ya Katiba wakashindwa. Kura zilipohesabiwa Februari 2006, Besigye hakushinda, lakini alipata zaidi ya asilimia 37. Hao ni mamilioni ya Waganda waliopata jina walilolitaka kwenye karatasi ya kura. Mkitaka kujua uzito wa fomu moja ya uteuzi, upimeni kwa hao.

Kosa dogo na kosa kubwa

Msimamizi wa uchaguzi ana kazi ngumu. Muda ni mfupi, fomu ni nyingi, wagombea wana hasira, na kila upande unamshuku. Ndiyo maana sheria inapaswa kumwambia waziwazi kosa lipi linamwondoa mtu na lipi halimwondoi. Kifungu cha 36(4) cha sheria ile ya India kinamkataza msimamizi kukataa fomu kwa kasoro isiyogusa kiini. Jina lililokosewa herufi moja, namba iliyoandikwa mstari usio wake, kifupi cha jina la chama badala ya jina kamili: hayo ni ya kusahihisha, na msimamizi mwadilifu humwita mhusika na kumwonyesha. Umri usiotimia, uraia usiokuwepo, wadhamini wasioandikishwa: hayo ni ya kiini.

Sisemi kwamba kila kilichokataliwa kirudishwe. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ileile ya Afrika Kusini ilikabiliwa na shauri la chama cha Inkatha kuhusu halmashauri ya Umzumbe, KwaZulu-Natal. Nyaraka zilikuwa zimechelewa kufika katika ofisi husika. Mahakama ya Uchaguzi ilikihurumia chama, lakini Mahakama ya Katiba ikaiondoa nafuu hiyo, kwa sababu muda uliowekwa na sheria unawabana wote sawa. Ziwekeni hukumu hizo mbili pamoja, ya 2006 na ya 2011, na mtaona mstari unaofaa kufuatwa: masharti ya namna ya kutekeleza jambo yasomwe kwa kuangalia lengo lake, na tarehe ya mwisho iheshimiwe na kila mtu. Mgombea anayejua mstari huo anaweza kujipanga, na msimamizi anayeufuata anaweza kujitetea.

Mambo huharibika pale fomu inapogeuzwa mtego. Sisi Tanzania tuliliona hilo mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika tarehe 24 Novemba chini ya usimamizi wa TAMISEMI. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, na vyama vyao vililalamika kwamba sababu zilizotolewa zilikuwa ndogondogo, nyingine zikihusu namna tu ya kujaza fomu. Vyama kadhaa vikuu vya upinzani vikajitoa. Waziri mwenye dhamana alikuja kutoa maelekezo ya kuwarudisha walioenguliwa, lakini vyama vilishaamua. Chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu, majimbo kadhaa ya ubunge yalipata mbunge bila mwananchi yeyote kupiga kura ya ubunge, kwa sababu mgombea aliyebaki alipita bila kupingwa.

Kupita bila kupingwa kulikuwa na athari mbaya ambayo hatuisemi vya kutosha. Sheria inapompa kiti mgombea aliyebaki peke yake, pingamizi dhidi ya fomu ya mpinzani linakuwa njia rahisi kuliko kampeni yoyote. Halihitaji mikutano, wala sera, wala kuzunguka kijiji kwa kijiji kwenye vumbi. Linahitaji kosa moja kwenye karatasi na msimamizi mmoja wa kulikubali. Kwa hiyo nalipongeza Bunge kwa Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024, inayotaka mgombea pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua njema. Hata hivyo, mwananchi anayeulizwa ndiyo au hapana kuhusu mtu mmoja bado hajapewa uchaguzi kati ya wawili.

Kenya na nidhamu ya muda

Majirani zetu wa Kenya walijifunza kwa machungu ya uchaguzi wa 2007, na Katiba yao ya 2010 ililivalia njuga suala la muda. Ibara ya 88(4)(e) inaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kazi ya kutatua migogoro ya uchaguzi, ikiwamo ya uteuzi, kabla ya matokeo kutangazwa. Sheria ya Uchaguzi inataka mgogoro huo uamuliwe ndani ya siku kumi tangu ulipowasilishwa. Migogoro ya ndani ya vyama ina jopo lake. Juu yao ipo Mahakama Kuu, inayoweza kuyapitia maamuzi hayo kabla ya kura. Baada ya matokeo, kesi ya uchaguzi wa mbunge inatakiwa kuamuliwa ndani ya miezi sita.

Utaratibu huo ulionekana kazini Makueni mwaka 2013. Seneta Mutula Kilonzo alifariki Aprili, na binti yake, wakili Kethi Kilonzo, akateuliwa kugombea nafasi hiyo. Kamati ya Tume ilimwondoa kwa sababu hakuonekana kuwa mpigakura aliyeandikishwa. Alikwenda Mahakama Kuu, akasikilizwa, na majaji wakakubaliana na Tume. Yote hayo yalikwisha kabla ya siku ya kura, tarehe 26 Julai. Chama chake kikapata nafasi ya kumsimamisha kaka yake, Mutula Kilonzo Junior, naye akashinda. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule. Lakini aliyeondolewa alisikilizwa na majaji, na wapigakura wa Makueni hawakunyimwa mgombea wa chama walichokipenda.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya iliikaza nidhamu hiyo katika kesi ya Sammy Ndung'u Waity. Ilisema kwamba migogoro ya kabla ya uchaguzi, ikiwamo ya uteuzi, ipelekwe kwanza kwenye vyombo vilivyowekwa kwa kazi hiyo, na mtu aliyejua kasoro akaikalia kimya hawezi kuiibua baada ya matokeo. Mwezi huohuo ikaitumia kanuni hiyo kumrudishia kiti gavana wa Wajir, ambaye uchaguzi wake ulikuwa umebatilishwa na mahakama za chini kwa hoja kwamba hakuwa na shahada inayotakiwa.

Basi tuna njia mbili zenye mantiki. India inasema: subiri matokeo, na ukithibitisha ulikataliwa isivyo haki, uchaguzi unafutwa. Kenya inasema: lalamika mapema, utasikilizwa haraka hadi mbele ya jaji, na baada ya hapo usiturudishe nyuma. Ya India ni ya gharama kubwa kwa umma, kwa sababu uchaguzi unarudiwa. Ya Kenya ni ya jasho kubwa kwa Tume, mawakili na majaji, kwa sababu kila kitu kinakimbizana na kalenda. Mimi naipendelea ya Kenya, kwa kuwa inamwokoa mpigakura kabla hajapoteza. Lakini kila moja inamwachia aliyeonewa mlango mmoja ulio wazi kweli. Hatari iko pale nchi inapochukua kufuli la kwanza kutoka India, la pili kutoka Kenya, na kuyafunga yote mawili.

Kuta zetu

Sasa tuiangalie Tanzania bila woga na bila chuki. Ibara ya 74(12) ya Katiba yetu inazuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume ya Uchaguzi katika kutekeleza madaraka yake kulingana na Katiba. Kwa miaka mingi, mgombea ubunge aliyeenguliwa aliweza kukata rufaa Tume, na uamuzi wa Tume ukawa wa mwisho hadi kesi ya uchaguzi baada ya matokeo. Hapo angalau Ibara ya 83 inampeleka Mahakama Kuu. Njia hiyo nayo iliwahi kuwekewa kizuizi cha fedha: mlalamikaji alitakiwa kuweka shilingi milioni tano kabla kesi yake haijapangiwa kusikilizwa. Mwaka 2002, katika kesi ya Julius Ndyanabo, Mahakama ya Rufani ilikiondoa kizuizi kile kwa kuwa kilimfungia mtu maskini mlango wa haki. Ni moja ya hukumu zetu za kujivunia.

Kwa urais hakuna hata njia hiyo. Ibara ya 41(7) inasema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mgombea urais aliyeenguliwa anakutana na 74(12) kabla ya kura na 41(7) baada ya kura.

Tulishuhudia maana ya hilo mwaka 2025. Luhaga Mpina alipitishwa na ACT-Wazalendo kuwania urais. Mwishoni mwa Agosti Msajili wa Vyama vya Siasa alibatilisha uteuzi wake wa ndani ya chama, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi haikuzipokea fomu zake. Tarehe 11 Septemba Mahakama Kuu, Dodoma, iliamuru apewe nafasi ya kuzirejesha. Alizirejesha, akateuliwa. Pingamizi zikawekwa, moja ikiwa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tarehe 15 Septemba akaenguliwa tena. Chama kikarudi mahakamani, na Oktoba shauri hilo likatupwa. Kura zikapigwa tarehe 29 Oktoba bila jina lake.

Wapo mnaomuunga mkono Mpina na wapo msiomtaka kabisa. Hoja yangu haimtegemei yeye. Kwanza, Mahakama Kuu iliamua jambo Septemba na siku nne baadaye mtu yuleyule alikuwa nje kwa njia nyingine. Mahakama inayoweza kufungua mlango bila kuweza kuushikilia haijampa mwananchi hifadhi. Pili, mgogoro wote ulianzia ndani ya chama, kwa sababu Katiba yetu humpitisha kila mgombea kwenye mlango wa chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliupinga mlango huo kwa karibu maisha yake yote ya siasa. Mahakama Kuu ilimkubalia, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema suala hilo ni la Bunge, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa kwetu Arusha, ikasema kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka Mkataba wa Afrika. Kama mgombea binafsi angeruhusiwa, mgogoro wa ndani ya chama usingekuwa na nguvu ya kumfuta mtu kabisa kwenye karatasi ya kura.

Mahakama hiyo ya Arusha ilirudi tena kwetu tarehe 15 Julai 2020, katika kesi ya wakili Jebra Kambole, ikaamua kwamba Ibara ya 41(7) inavunja haki ya mtu kusikilizwa, na ikaitaka Tanzania irekebishe. Lakini Novemba 2019 nchi yetu ilikuwa imeshatoa taarifa ya kujiondoa kwenye tamko linalowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwaka mmoja baadaye mlango huo nao ukafungwa. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu sisi ndio wenyeji wa mahakama hiyo.

Majibu kwa wanaosita

Wanaotetea kuta hizi wana hoja tatu, na kila moja inastahili jibu.

Wanasema mahakama zitachelewesha uchaguzi. Makueni na Cape Town zinaonyesha kwamba mahakama zinaweza kuamua ndani ya siku chache, mradi sheria izipe ratiba na iziamuru kuifuata. Kinachochelewesha ni sheria isiyotaja siku.

Wanasema kurudia uchaguzi ni gharama kubwa kwa nchi maskini. Ni kweli, na ndiyo maana nataka jambo limalizwe mapema. Nchi inayoogopa gharama ya kurudia uchaguzi iwekeze kwenye siku kumi za kusikiliza malalamiko ya uteuzi. Hizo ni nafuu kuliko uchaguzi mpya, na nafuu zaidi kuliko vurugu za watu waliokata tamaa na sheria.

Wanasema watu wasio na nia njema watafungua kesi za kuchezea muda. Watakuwepo, kama walivyo katika kila aina ya kesi. Majaji wana uzoefu wa kuwatupa nje na kuwatoza gharama. Hatujawahi kufuta kesi za ardhi kwa sababu wapo wanaodai mashamba ya wenzao kwa uongo.

Tunachoweza kufanya

Nawaachia mapendekezo manne.

La kwanza, sheria iseme waziwazi kwamba fomu haikataliwi kwa kasoro inayoweza kusahihishwa, na msimamizi amjulishe mgombea kasoro hiyo na kumpa saa 48 za kuirekebisha. Akikataa, aandike sababu zake na kifungu alichokitumia, na nakala apewe mhusika siku hiyohiyo.

La pili, rufaa ya uteuzi iende Tume kwa siku chache zilizotajwa, kisha kwa jaji wa Mahakama Kuu kwa siku chache zilizotajwa, na karatasi za kura zisichapwe kabla ya hapo. Mahakama ikishaamua hoja fulani, hoja hiyo isifufuliwe kwa pingamizi jipya. Ibara ya 74(12) irekebishwe ili kuruhusu hilo. Hata kabla ya marekebisho, mawakili waendelee kuisoma kama ilivyoandikwa: inalinda kilichotendwa kulingana na Katiba, na swali la kama kilitendwa kulingana na Katiba ni la jaji.

La tatu, ikithibitika baada ya matokeo kwamba mgombea alikataliwa kinyume cha sheria, uchaguzi ubatilishwe bila kumdai ushahidi wa athari. Sharti liwe moja tu: awe alilalamika kwa wakati.

La nne, Ibara ya 41(7) iondoke, na wagombea binafsi waruhusiwe. Hukumu za kutuongoza tayari tunazo.

Haya yanahitaji Bunge, lakini mengine yanaweza kuanza kesho bila Bunge. Viongozi wa vyama, wafundisheni wagombea wenu kujaza fomu, wafanyieni ukaguzi kabla ya siku ya mwisho, na hifadhini nakala ya kila ukurasa uliogongwa muhuri wa kupokelewa. Kesi nyingi hufa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Mawakili vijana, jitoleeni katika wiki ya uteuzi, maana mahitaji ya sheria ni makubwa wakati huo kuliko siku ya matokeo. Wasimamizi wa uchaguzi mlio humu, mnapokuwa na shaka juu ya fomu, iacheni ipite: mgombea dhaifu atakataliwa na wananchi, na wao wana haki ya kumkataa kuliko nyinyi. Na sisi wengine tuliobaki, msimamizi akimwondoa mgombea tusiyempenda, tuulize sababu kwa sauti ileile ambayo tungeitumia kama angekuwa wetu.